Mlishaji wa Nge

Abubakar bin Sadiq alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja siku Meja Faustino alipomchukua. Hakukamatwa, wala hakuajiriwa. Alichukuliwa tu, kama lilivyochukuliwa Land Rover la maabara, friji, na mashine ya kupigia chapa. Ilikuwa mwaka sabini na nne.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya bati upande wa Nakawa. Daktari mmoja wa kizungu alikuwa akichunguza wadudu humo, na Abubakar alimfanyia kazi miaka kumi na tisa. Babu yake alifika Kampala na msafara wa pembe kutoka pwani, na ukoo wote ulibaki na Kiswahili chake na misikiti yake. Wenzake walikuwa na maduka au walisomesha Kurani. Yeye riziki yake iliangukia kwenye wadudu, na akaipenda. Daktari alipofungasha na kwenda zake, Abubakar aliendelea kufungua mlango wa maabara kila asubuhi bila mshahara, kwa sababu ndani mlikuwa na nge sita na hakuna mtu mwingine aliyejua kuwalisha.

Meja alikuja na wanajeshi wanne kuchukua gari. Akaona tangi la kioo, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Hii dudu nakula nini?" akauliza.

Abubakar akamweleza. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza, ingawa siku hiyo aliliona kama bahati. Alimwambia kwamba nge hawa weusi, wakubwa kama kiganja cha mtu mzima, hula chenene, mende, panzi na mabuu. Kwamba mara moja kwa juma huwatosha. Kwamba hawaoni vizuri; wana macho mengi lakini hayana faida, wanasikia kwa miguu, na mdudu akitembea mchangani wanajua yuko wapi na ni mkubwa kiasi gani. Meja alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Mwishowe akamgusa bega.

"Mzee, wewe nakuja na hawa. Moja nakufa, na wewe nakufa. Tumeelewana?"

Wakaelewana.

Nyumba ya Meja ilikuwa Bukoto, yenye baraza pana na bustani ya mawaridi. Wenyewe walikuwa Wahindi walioondoka na masanduku mawili. Meza, mapazia, vikombe, hata picha za harusi waliviacha. Tangi la nge liliwekwa juu ya meza ya chai yenye magurudumu, kwa sababu Meja alipenda lisukumwe mpaka karibu na wageni. Abubakar alipewa chumba cha uani. Chumba cha pili alikaa mpishi, Lakot, mjane wa sajini mmoja, mwanamke mrefu wa huko kaskazini aliyesema maneno machache na kuyasema polepole. Dada yake Acayo alikuwa na chumba kwenye magorofa ya hapo hapo Bukoto, lakini Lakot alimtembelea Jumapili tu, akarudi mapema. Mtu wa kwao hakupaswa kuonekana barabarani sana miaka ile, kwani wanajeshi walikuwa wakiwasaka. Kwa Meja alikuwa salama, alisema, kwa sababu Meja alipenda kuku wake wa simsim.

Alimwekea Abubakar chakula kila siku, amekifunika kwa sahani. Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka na mji mzima ukatoka na magunia kuwakusanya chini ya taa za barabarani, Lakot aliwakaanga kwa chumvi na vitunguu. Abubakar aliomba kopo moja wakiwa hai.

"Unawapa wale wadudu wako chakula cha watu," Lakot alimwambia.

"Nao wanajua kitamu."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Abubakar amsikie akicheka, na alijishangaa jinsi alivyofurahi.

Ilimchukua Abubakar wiki tatu kuelewa anachofanya mle ndani.

Watu walikuwa wanakuja kwa Meja. Walikuja mchana, wamevaa nguo zao nzuri, wakaketi ukingoni mwa kiti. Mmoja mumewe alitiwa ndani ya buti la gari mbele ya duka. Mwingine kaka yake alikwenda kazini Jumatatu na hakurudi. Walikuwa wamesikia kwamba Meja ni mtu wa kusikiliza. Na Meja aliwasikiliza kweli. Ila alisubiri mtu afike katikati ya maneno yake, pale sauti inapoanza kukatika, kisha akaita, "Mzee, leta chakula ya watoto."

Abubakar alisukuma tangi mpaka mbele ya mgeni. Akatoa mende mmoja kwa koleo ndogo, akamwachia. Nge hakukimbia. Alitulia, magando yamefunguka, mpaka mende akaja mwenyewe, kisha akamkamata, na mlio wa kuvunjika ukasikika.

"Eleza," Meja alisema.

Akaeleza. Kwamba nge mkubwa hana haja ya kutumia mwiba. Magando yanatosha, mwiba ni wa adui. Kwamba hamezi kitu kigumu. Hutafuna kidogo kidogo kwa vijino vya mbele ya kinywa, akatema maji yake juu ya nyama mpaka ikayeyuka, ndipo akainyonya. Kwamba mdudu huwa hai sehemu kubwa ya mlo huo. Alikuwa akiyasema haya kwa Kiswahili chake kizuri cha nyumbani, sentensi kamili, kama alivyozoea kuwaeleza wanafunzi waliotembelea maabara. Meja alikichekea Kiswahili hicho, alikiita Kiswahili cha msikitini, lakini alikipenda. Siku moja Abubakar aliinua macho akamwona mgeni, mama wa makamo mwenye shanga shingoni, ametapika kwenye kitambaa chake na anaomba radhi kwa kutapika. Hapo akatambua kwamba halikuwa somo la wadudu. Mama yule alikuwa anaelezwa habari za mwanawe.

Usiku huo hakula. Lakini Ijumaa iliyofuata alieleza tena, kwa sababu Meja alisema eleza.

Rosalba alikuja mwezi wa pili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mke wa Santo, askari polisi aliyechukuliwa kwenye kituo cha basi. Hakulia. Alisema, "Afande, mimi siombi arudi. Nataka tu kujua iko wapi."

Meja alimtazama kwa namna mpya. Alikuwa amechoka na wale wanaolia.

"Sikia, mama. Wewe natia mkono hapa ndani. Mkono nakaa mpaka mimi namaliza chai. Ukitoa, nakwenda nyumbani. Ukiacha, nakuambia bwana yako iko wapi. Mimi ni mtu ya ahadi."

Simu ikalia ukumbini, akaenda kuipokea.

Abubakar aliinama kana kwamba anarekebisha kifuniko. "Wameshiba," alinong'ona. "Tia mkono taratibu, kiganja chini, juu ya udongo. Usiwapulizie pumzi. Wakipanda juu ya mkono waache, wataona ni kama gogo. Usiuondoe kwa ghafla, hata ukiambiwa utoe."

Meja alirudi, akaketi, akamimina chai. Rosalba alitia mkono.

Nge mmoja alisogea, akaugusa kwa ncha ya gando, akapanda. Akakaa juu ya kifundo cha mkono, mkia umelala upande. Meja alikunywa kikombe kizima. Akamimina cha pili. Akaongeza sukari, akakoroga sana. Jasho lilimtiririka Rosalba mpaka kwenye kidevu, lakini ule mkono haukucheza. Meja akamaliza cha pili, akakigeuza kikombe juu ya kisahani.

"Vizuri," alisema. "Bwana yako iko Ggaba. Ndani ya maji. Tangu siku ile ile."

Rosalba akauondoa mkono polepole sana, kama alivyofundishwa, akangoja nge ashuke mwenyewe. Akajipangusa udongo kwenye gauni lake la gomesi.

"Asante, afande," akasema, akatoka.

Kesho yake asubuhi Meja alimkuta Abubakar akisafisha kioo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kujua jambo la kitaalamu.

"Mzee, hii dudu naweza kukaa siku ngapi bila chakula?"

Abubakar akajua kwamba Meja ameujua ule mnong'ono wake. Akafikiria kudanganya, lakini hakuweza kubuni uongo unaofaa. "Miezi, afande. Wanapunguza pumzi, wanakaa kimya. Lakini wakiwa pamoja..."

"Wakiwa pamoja nini?"

"Wanalana, afande."

Meja alitia kufuli kwenye kifuniko cha wavu na kuweka ufunguo mfukoni. Aliruhusu maji tu. Kila siku Abubakar aliwanyunyizia kupitia kwenye wavu, nao wakaja kunyonya matone kwenye kioo. Mwezi wa kwanza hawakubadilika. Mmoja wao, jike kubwa kuliko wote, alikuwa na mimba tangu maabara. Nge hubeba mimba karibu mwaka mzima. Akazaa juma la tano. Watoto walikuwa weupe kama punje za mchele, wakapanda mgongoni mwake wakajipanga. Nge jike aliyeshiba huwabeba hivyo mpaka wapate rangi na nguvu. Huyu aliwachukua mmoja mmoja kwa gando, kwa upole uleule aliowabebea, akawala. Siku nne. Abubakar aliziona zote nne, kwa sababu Meja alimwagiza aandike kwenye daftari kila kinachotokea.

Kisha wakubwa wakaanza. Walikuwa sita, wakawa watano, wakawa watatu. Yule aliyekuwa anajivua ganda, mlaini kama mkate uliolowa, ndiye aliyeliwa kwa urahisi zaidi. Mwisho wakabaki wawili, yule jike na dume mmoja, kila mmoja kwenye kona yake, na kitu chochote kilichotikisa meza kiliwafanya wafungue magando. Lile neno la siku ya kwanza, la moja nakufa na wewe nakufa, Meja hakulitaja tena. Walikuwa wanakufa kwa amri yake.

"Huli," Lakot alimwambia siku moja. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na sahani mkononi.

"Sina njaa."

"Mzee Abubakar, hapa ndani ukianza kufikiri, umekwisha. Mimi najua. Kula."

Akala, kwa sababu alikuwa amemsimamia.

Mzee Bisimwa alifika siku ya Jumatatu. Alikuwa fundi seremala wa Nakawa, mtu aliyekuja kutoka Kongo zamani, na alikuwa anamtafuta mwanawe wa pekee. Alikuja na zawadi, kigoda alichokichonga mwenyewe, chenye miguu mitatu. Meja alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akamwambia masharti yaleyale. Mkono, chai, ahadi. Kisha akamwambia Abubakar aeleze.

Abubakar akaeleza, tangu magando mpaka kunyonya. Bisimwa alisikiliza huku akijikuna kiganja kwa kidole gumba.

"Nakuja," Meja alisema, akatoka. Safari hii simu haikuwa imelia.

Mzee Bisimwa akamgeukia Abubakar. "Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye unakaa nao. Nifanye nini?"

Pazia la mlango wa ukumbini halikufika chini kabisa. Chini yake Abubakar aliona ncha za viatu viwili vyeusi, vimeng'arishwa vizuri, vimetulia.

"Mimi sijui, mzee," akasema.

Hata kama angesema, pengine isingesaidia. Nge wenye njaa ya miezi miwili hawana subira na mkono. Alijiambia hivyo baadaye, mara nyingi. Meja alirudi, akafungua kufuli. Bisimwa alitia mkono kwa haraka, kama mtu anayejitosa kwenye maji baridi, na jike lilikuwa tayari linamngoja. Likamshika kidole cha shahada. Mzee akavuta. Mwiba ukapiga mara mbili kati ya vidole, na mkono ukatoka na nge akining'inia, mpaka Abubakar akamwachanisha kwa koleo.

"Umetoa," Meja alisema. Chai ilikuwa haijafika hata nusu.

Sumu ya nge hawa weusi si kali. Inauma kama nyigu, inavimba, inapoa. Wanaoua ni wale wembamba wa manjano, wenye magando madogo na mkia mnene. Abubakar alijua hilo, Meja alikwisha kuelezwa hilo, na Bisimwa peke yake ndiye hakujua. Alikaa sakafuni akingojea kufa. Alisali kwa lugha ya kwao. Meja alimwangalia mpaka akachoka, na mzee alipoona dakika zinapita na bado anapumua, alisema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Afande, naweza kujaribu tena?"

Meja akamwambia kesho.

Alikuja kesho yake. Alitia mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukufunguka tena. Akaumwa, akautoa. Alikuja Jumatano, mikono yote imefungwa matambara ya kanga, akayafungua mwenyewe kwa meno. Siku hiyo alivumilia mpaka nusu ya kikombe. Meja akamhimiza, akamwambia, "Karibu, mzee, karibu sana," na akaanza kunywa polepole zaidi. Bisimwa aliutoa mkono huku analia kama mtoto mdogo, si kwa maumivu, bali kwa kujikasirikia.

Alhamisi hakuja. Meja alingoja mpaka saa kumi, chai ikapoa.

"Afande," Abubakar alisema, na hakujua alipopata ujasiri wa kuuliza, "mtoto wake yuko wapi?"

Meja alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nitajua wapi? Kwanza hata jina lake sikusikia vizuri." Akanyoosha miguu juu ya kile kigoda. "Lakini yule mzee iko na roho ngumu."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Meja alikwenda Entebbe tangu asubuhi. Abubakar alioga, akavaa kanzu yake nyeupe na kofia. Saa sita kasoro akasukuma ile meza ya magurudumu mpaka barazani, akaishusha ngazi moja, akaiweka kwenye saruji penye jua lote. Kifuniko kilikuwa na kufuli, lakini hakuhitaji kukifungua. Nge ni mnyama wa giza na unyevu, na kioo kwenye jua la saa sita ni tanuri.

Alisimama kuwatazama. Walianza kutembea kufuata kuta za kioo. Kisha wakajiinua juu ya miguu, wakanyanyua matumbo yasiguse udongo uliokuwa unapata moto. Kisha wakachimba, lakini udongo ulikuwa haba. Jike lilikufa la mwisho. Lilikunja mkia juu ya mgongo, likatetemeka, likatulia. Miaka ishirini Abubakar alikuwa amewalea nge wa jamii hiyo, na hakuwahi kumwua hata mmoja. Alishangaa kwamba aliwaonea huruma.

Lakot alitokea jikoni akijifuta mikono. "Mzee, unafanya nini na hao?"

"Nawapa jua kidogo. Wamedhoofika."

"Wanapenda jua?"

"Kidogo," alisema. "Nakwenda msikitini. Nitawarudisha nikija."

"Nikuwekee chakula?"

"Niwekee."

Alishika barabara ya kuelekea Nakawa. Njiani alijua vizuri alichokuwa anakifanya. Kama angemwambia Lakot, Lakot angekimbia, na askari wa getini angeona mpishi anatoka na furushi, akapiga simu. Hiyo ilikuwa sababu moja, na ilikuwa ya kweli. Nyingine ni kwamba aliogopa. Alisimama kituoni Nakawa, akageuka mara mbili kutazama alikotoka. Gari la kwenda Busia, mpakani, likaja. Akapanda.

Aliishi Kisumu miaka minne, akisomesha watoto Kurani kwenye kibanda nyuma ya soko. Hakupata habari za nyumba ile, na hakuzitafuta. Kila alipomwona mfanyabiashara kutoka Kampala alivuka barabara.

Serikali ilipoanguka, mwaka sabini na tisa, alirudi. Nyumba ya Bukoto ilikuwa imebebwa mpaka milango. Meja, watu walisema, alivukia Sudani. Wengine walisema hakufika. Abubakar alikwenda kwenye magorofa, akauliza mlango kwa mlango mpaka akampata Acayo, dada yake Lakot. Alikuwa mwembamba kuliko Lakot, lakini alisimama mlangoni vilevile.

Akamkaribisha, akampa maji ya kunywa. Abubakar akajitambulisha.

"Wewe ndiye yule mzee wa msikiti," Acayo alisema.

"Ndiye mimi."

"Askari wa getini alinieleza. Watu wa Meja walimuuliza dada yangu mzee yuko wapi, akasema amekwenda kuswali, anakuja sasa hivi. Walimpiga, akasema anakuja. Alisema hata chakula chako amekifunika. Walimchukua wakati wa magharibi. Sijamwona tena." Alisema yote haya bila kuinua sauti. "Nimekuwa nikitaka kukuuliza kitu kimoja. Dada yangu alikuwa anakuficha, au alikuwa anaamini?"

Abubakar aliishika bilauri kwa mikono miwili. Angeweza kusema alikuwa anamficha. Lingekuwa jina zuri la kumwachia marehemu.

"Alikuwa anaamini," akasema. "Sikumwambia kitu."

Acayo akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyokuwa ameshaifanya mwenyewe. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira wa matambara ukutani, na ukuta ulikuwa unatikisika kidogo kila ulipogonga.

"Maliza maji yako," akamwambia, "uende."